Jibu: Ukungu baada ya kuwekewa kinga ya baridi ukutani
Pole sana dada. Unauliza kama ukungu uliotokea chumbani tangu wabandike lile tabaka la kuzuia baridi ukuta wa nje ni kosa lako kwa kutofungua madirisha. Hapana! Oktoba 2025 wakaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza walikadiria kwamba asilimia 98 ya nyumba zilizofanyiwa kazi hiyo chini ya ECO4 (mpango wa Uingereza wa kusaidia nyumba zisipoteze joto) na mpango mwenzake, Great British Insulation Scheme, zina kasoro kubwa. Maji yakishapenya nyuma ya tabaka hayana pa kutokea. Usipake rangi juu kwanza. Piga picha, tafuta cheti cha dhamana, waandikie mafundi waliofunga, na malalamiko yafike TrustMark pia, shirika linalosimamia ubora wa kazi za mafundi huko Uingereza. Serikali imesema gharama za kurekebisha si zako, kwa hiyo wakidai hela usitoe.