Kiti cha shaba cha Mt. Petro, na kile cha mbao kilichomo ndani

Umeuliza kama kiti kikubwa cha shaba mwisho kabisa wa Basilika la Mt. Petro, Roma, ndicho alichokalia Mtume Petro. Hapana. Cha shaba ni kazi ya Gian Lorenzo Bernini, aliyeagizwa na Papa Aleksanda wa VII. Aliianza mwaka 1657 na kuimaliza 1666. Ndani yake kimefichwa kiti cha mbao chenye mapambo ya pembe za ndovu, na hicho nacho ni cha karne ya 9. Charles Kipara, mfalme wa Wafaranki, alimpa Papa Yohane wa VIII alipotawazwa kaizari mwaka 875. Kwa hiyo heshima inatolewa kwa mamlaka ya kufundisha aliyoachiwa Petro, na sikukuu ya Kiti cha Mt. Petro ni tarehe 22 Februari.

Ukipiga magoti pale, zitazame sanamu za wale Walimu wanne wa Kanisa, yaani watakatifu wanaoheshimiwa kwa mafundisho yao, zilizozunguka kiti. Mbele wamesimama Ambrosi na Augustino wakiwa na kofia za kiaskofu, nyuma Atanasi na Yohane Krisostomo, vichwa wazi. Magharibi na Mashariki pamoja, na wawili kati yao ni Waafrika: Augustino wa Hippo, Algeria ya leo, na Atanasi wa Aleksandria, Misri. Mimi hilo hunigusa sana. Halafu angalia mikono yao: hawabebi uzito wowote. Kiti kinaelea mawinguni, chini ya dirisha la njiwa wa Roho Mtakatifu.

Kile cha mbao kilitolewa waumini wakakiona mwishoni mwa 2024, mara ya kwanza tangu 1867.