Swali la lugha: Shafti iliyogoma huchomolewa, hung'olewa au hukwamuliwa?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni fundi wa magari Gerezani, Dar es Salaam. Juzi nilimwandikia mteja kwenye kadi ya kazi: "Difu ya nyuma imeng'olewa, shafti mbili zimegoma." Alipiga simu kwa hofu akidhani tumemvunjia gari. Mwenzangu anasema ningeandika "imetolewa", mwingine "imeshushwa". Na hizo shafti, huyu anasema zimekwama, yule zimeganda, mwingine zimenasa. Ni maneno ya maana moja? Na kuzitoa tukuiteje?

Jibu: Marahaba, fundi. Hayapo maneno mawili ya maana moja katika hayo uliyoyataja. Ukichagua lile linalofaa, hata kijana unayemfundisha atajua ashike chombo gani.

Difu (boksi la gia linalopeleka nguvu kwenye magurudumu kupitia shafti, vyuma virefu vya kushoto na kulia) jibu lake ni fupi. Kwa gari ambalo magurudumu ya nyuma yanajitegemea na difu imefungwa kwenye fremu ya chini, kama Subaru Forester au Toyota RAV4 inayoendeshwa na magurudumu yote manne, neno ni kushusha. Gereji nyingi za Dar husema "tunashusha gia boksi", na difu iko katika kundi hilohilo la vitu vizito vinavyofunguliwa vikiwa juu na kuteremshwa kwa jeki. Difu ya namna hii ni nzito, kwa hiyo jeki iwe imeshaibeba kabla bolti ya mwisho haijaachia. Kung'oa ni kutoa kwa nguvu kitu kilichoshika mizizi: kisiki, msumari, jino. Ni kweli "kung'oa injini" kumezoeleka na ndani ya gereji hakumshtui mtu, lakini mteja aliyeko nyumbani anasikia jino. Neno hilo liachie beringi iliyoingizwa kwa presi, ambayo kweli hung'olewa kwa pula (chombo cha skrubu cha kuvutia au kusukuma vyuma).

Kwenye gari la ekseli nzima (mhimili mmoja unaounganisha magurudumu yote mawili ya nyuma), mathalani Hilux, "kushusha difu" kunaleta utata, kwa sababu wengine wakisema difu wanakusudia ekseli yote. Andika "kichwa cha difu kimetolewa". Katika Hilux nyingi za zamani kichwa hicho hushikwa na nati 10, na hakitoki mpaka shafti za kushoto na kulia zivutwe kuelekea nje kiasi cha kuachia gia za pembeni zilizomo ndani yake. Si lazima zitoke zote.

Sasa shafti. Kitendo chenyewe ni kuchomoa, kinyume cha kuchomeka. Shafti iliingia kwa kuchomekwa, meno yake yakalala ndani ya meno ya difu, kwa hiyo inatoka kwa kufuata njia ileile iliyonyooka. Ndiyo maana napendelea neno hili kuliko "kutoa", ambalo halina kosa ila halimwelekezi mtu. Anayeambiwa "chomoa" atavuta sawasawa na mstari wa shafti. Anayeambiwa "ng'oa" ataikandamiza upande mmoja kwa mtaimbo, na shafti ikipinda njiani meno yake hukwangua mdomo wa sili (mpira unaozuia oili isivuje). Difu itarudishwa vizuri, na baada ya siku chache oili inachuruzika.

Ugumu uko kwenye hilo "zimegoma". Kugoma kunaeleza kwamba kitu kimekataa, hakuelezi kimekataa kwa nini. Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kueleza sababu, na kila kimoja kina kinyume chake kwa kiambishi -ua: kunasa na kunasua, kuganda na kugandua, kukwama na kukwamua. (Kiambishi hicho huwa -oa pale tu mzizi unapobeba o, kama katika chomeka na chomoa. Kwa hiyo shafti huchomolewa, lakini hunasuliwa, huganduliwa, hukwamuliwa.)

Kunasa ni kushikwa na kitu kilichotegwa au kilichobana, kama samaki wavuni au kidole mlangoni. Hii ndiyo hali ya ncha ya ndani ya shafti, upande wa difu. Mwishoni mwa meno pana kipete cha waya wa chuma kilichokaa kwenye mfereji wake, kazi yake ni kuizuia shafti isitoke yenyewe. Haijaharibika, imenasa kama ilivyokusudiwa. Hainasuliwi kwa kuvuta polepole. Weka nyenzo mbili, moja kila upande, kati ya bodi ya difu na kikombe cha sivijointi (kiungo cha shafti kinachoweza kupinda), uzisukume kwa pamoja kwa mkupuo mfupi mpaka kipete kisinyae. Nyenzo zisifike kwenye sili. Usishike shafti katikati na kuivuta: sivijointi itaachana ndani ya mpira wake, na kazi ya dakika tano itakuwa ya nusu siku. Wakati wa kuchomeka tena, weka kipete kipya.

Kuganda ni kushikana uso kwa uso, kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe au damu iliyokauka kwenye kitambaa. Hii ni hali ya ncha ya nje, pale meno ya shafti yanapopita ndani ya habu (kitovu kinachobeba gurudumu). Kutu hujaza nafasi iliyo kati ya meno na kuvifanya vyuma viwili viwe kama kimoja. Magari yanayolala karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, na yale yaliyopita kwenye maji ya mafuriko Jangwani, yana tatizo hili sana. Hapo mkupuo hausaidii. Paka oili ya kulainisha kutu, uiache inyonye kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha. Rudisha nati ya habu mpaka iwe sawa na ncha ya shafti ili kulinda hesi (mikato ya kufungia nati), kisha gonga kupitia kipande cha shaba, au tumia pula ya kusukuma. Ukigonga chuma kwa chuma bila nati, hesi hutanuka na nati haitarudi tena. Moto wa gesi usiuguse: mpira wa sivijointi, grisi ya beringi na sensa ya ABS (kifaa cha breki kinachopima mwendo wa gurudumu) viko hapohapo. Ikisogea hata milimita moja, imeshaganduka, na kilichobaki ni kuchomoa.

Kukwama ni kuzuiwa njiani. Gari lililokwama kwenye tope lilikuwa linakwenda. Shafti ikishanasuliwa na kuganduliwa, kisha ikatembea na kusimama, hiyo ndiyo iliyokwama, na nyundo haina kazi hapo. Tafuta kizuizi. Mara nyingi nafasi kati ya habu na difu ni fupi kuliko shafti, na dawa ni kufungua mkono wa chini unaoshikilia habu ili habu iegemee nje. Angalia pia bomba la breki na waya wa sensa visiwe vinavutwa.

Land Cruiser ambayo shafti yake hufungwa kwenye habu kwa nati 6 ina hali ya nne: washa zake (pete za chini ya nati) za umbo la koni hubana. Hizo hazivutwi; nati zikishatoka, gonga katikati ya flenji (bamba la mwisho wa shafti) kupitia shaba mpaka ziruke.

Nakuongezea jozi nyingine, kulegeza na kufungua, kwa sababu kwenye kadi nyingi huchanganywa. Nati ya habu hulegezwa kwanza, mwenzako akiwa amekanyaga breki na pini ikiwa imetolewa au ukingo wa nati ukiwa umenyooshwa; hufunguliwa baadaye. Kinyume cha kukaza ni kulegeza, hakuna "kukazua". Na kabla ya kumwaga oili, legeza kizibo cha juu cha kujazia kwanza. Kikigoma hicho, gari bado lina oili yake.

Kuhusu ngeli, difu, shafti, nati, sili na beringi zote ni za I-ZI: shafti hii, shafti hizi. "Mashafti" yaache kwenye mazungumzo.

Kadi yako ningeiandika hivi: "Difu ya nyuma imeshushwa. Shafti ya kulia imechomolewa. Shafti ya kushoto imenasuliwa upande wa difu, bado imeganda kwenye habu kwa kutu. Imepakwa oili, itaganduliwa kesho asubuhi. Sili mbili na vipete viwili vipya vinahitajika."