Je, fizikia itaidhoofisha hoja ya Muumba?

Mwanangu, umeuliza kutoka Wete, Pemba, iwapo fizikia ya skuli itakudhoofishia hoja uliyoipokea katika chuo cha Kurani, kwamba mpangilio wa viumbe unamjulisha Muumba.

Anza na bahari iliyo mbele yako. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa jua na mwezi huvuta maji katika mstari mmoja. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Mvuvi anayejua sababu hiyo hajakanusha wala kuthibitisha lolote juu ya Muumba, kwani ameeleza jinsi utaratibu unavyokwenda, ilhali kwa nini pawe na utaratibu ni suala la falsafa. Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1198, aliona kuvizingatia vilivyopo ndiyo njia ya kumtambua aliyevifanya.

Ila usiiegemeze hoja yako kwenye mwanya wa elimu, yaani jambo ambalo sayansi haijalieleza bado. Mwaka 1802 William Paley, kasisi wa Kiingereza, alililinganisha jicho na saa, kwamba vyote vinadai fundi. Mwanasayansi Charles Darwin, aliyemsoma Paley kwa kuvutiwa naye, mwaka 1859 akaeleza njia ya maumbile inayoweza kuleta viungo kama hivyo.

Ukifika Mji Mkongwe, tazama mlango wa nakshi kwa karibu: alama za patasi zinaonyesha ulivyochongwa, lakini uzuri wake hausomeki humo pekee. Endelea na fizikia, na maswali yasiyojibika maabara yaandike kando umpelekee maalim wako.