Mleta mada, futa huo mstari wa Darwin kabla ya Jumamosi

Mleta mada, futa mstari wako wa kwanza. Hoja zako nyingine tutaziona baadaye, huo ufute sasa hivi.

Kwa waliochelewa: kijana ana mdahalo Jumamosi hapa Mwanza. Upande wake unatetea kwamba jicho la binadamu lilibuniwa, halikutokana na mageuko, yaani viumbe kubadilika polepole kizazi hadi kizazi. Ameomba hoja tatu, ameuliza ajibu vipi wakimletea habari za pweza, na azungumze dakika ngapi. Utangulizi wake unamtaja Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuko, na uteuzi wa asili, yaani viumbe wanaofaa zaidi kubaki na kuzaa. Unaanza hivi: "Hata Darwin mwenyewe alikiri kwamba kudhani jicho lilitokana na uteuzi wa asili ni upuuzi wa hali ya juu kabisa."

Mdogo wangu, mstari huo naujua. Mwaka 2011 niliuandika kwa mkono wangu kwenye karatasi ya kijana mwingine.

Nilikuwa mlezi wa kikundi cha vijana, tukaalikwa kwenye mdahalo kama huo wako. Wiki mbili kabla yake alipita mhubiri mgeni akiuza vijitabu vya kudurufu, shilingi 2,000 kimoja. Nikanunua vitano. Ukurasa wa tatu maneno yalikuwa hayo hayo, ndani ya alama za kunukuu, chini yake jina la Darwin na mwaka 1859. Nikaona nimepata nondo. Nikampa kijana wangu bora, mtoto wa Igombe, baba yake mvuvi wa dagaa. Alikuwa na sauti ya kusimamisha ukumbi, na mstari ule aliufanyia mazoezi mpaka akawa anausema bila kutazama karatasi.

Siku ilipofika akausema, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ndipo akasimama binti wa upande wa pili, kitabu chenyewe cha Darwin, On the Origin of Species, mkononi, kidole kikiwa katikati ya kurasa. Hata sauti hakupandisha. Akauliza, "Kaka, umesoma sentensi inayofuata?"

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu.

Binti akaisoma. Iko sura ya 6. Darwin anaanza kwa kukiri kwamba ukilifikiria jicho na namna linavyojirekebisha kuona mbali na karibu na kupima mwanga, wazo kwamba limetokana na uteuzi wa asili linaonekana ni upuuzi. Halafu papo hapo anageuka: lakini akili inamwambia kwamba zikionyeshwa ngazi nyingi, kutoka jicho duni kabisa hadi jicho kamili, na kila ngazi ikimfaa mnyama aliye nayo, basi ugumu huo ni wa fikra zetu tu, si ugumu wa kweli. Kisha anaanza kuzitafuta ngazi zenyewe. Ni kama mzee barazani anayeanza na "najua mtasema mimi mwongo", halafu anatoa ushahidi wake. Ukiondoka pale ukatangaza kwamba mzee kakiri ni mwongo, mwongo ni nani?

Na neno hilo ndilo mtu wa nyuma alilopaza: "Mwongo!" Hakuitwa mhubiri, sikuitwa mimi. Aliitwa mtoto wa watu wa miaka 17. Akakaa, akaikunja ile karatasi mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikawa ndogo kama kidonge, akaifumbata mpaka mdahalo ukaisha. Wiki iliyofuata hakuja kikundini. Nikamfuata Igombe, nikamkuta anageuza dagaa juani. Akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, wewe ulikuwa umekisoma?" Nikamwambia hapana. Akaendelea kugeuza dagaa. Hakurudi tena.

Mhubiri nilimpigia simu. Akanijibu kwamba mambo ya muktadha ni ya wasomi, watu wanataka maneno mafupi. Hasira yangu haijaisha hadi leo. Aliyeitoa sentensi ile kwenye kitabu alikuwa na macho, na sentensi ya pili ilikuwa mbele ya macho hayo. Aliikata kwa kusudi, au alinakili kwa aliyeikata bila kufungua kitabu. Vyovyote iwavyo, aliwauzia vijana wetu nusu ya maneno ya mtu kwa shilingi 2,000, tena kwa jina la Mungu. Hilo la jina la Mungu ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, nawapa vijana wote wanaopita mikononi mwangu: usinukuu sentensi kabla hujasoma iliyotangulia na inayofuata, kwenye kitabu chenyewe, kwa macho yako.

Nilipoanza kuifuata niligundua inakata pande zote. Upande wa mageuko watakuletea utafiti wa Nilsson na Pelger wa mwaka 1994. Wengi wanausimulia kwamba kompyuta ilikaa ikaunda jicho. Hapana. Ilikuwa ni hesabu: ukianza na kipande bapa cha ngozi chenye seli zinazohisi mwanga, ukakibadilisha kidogo kidogo, asilimia 1 kila hatua, unafika kwenye jicho lenye lenzi kama la samaki kwa hatua 1,829. Kwa makadirio yao ya tahadhari, hiyo ni chini ya vizazi 364,000. Hesabu inaanza seli za kuhisi mwanga zikiwa tayari zipo. Akisahau kulisema hilo, muulize, utakuwa umeuliza kwa haki.

Na hao wa pweza: retina yake, yaani utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho, imeelekea mwanga na hana doa pofu, yaani sehemu ya jicho isiyoona, yetu imegeuka nyuma mbele na doa tunalo. Hoja nzuri. Lakini akisema kwamba kwa hiyo jicho letu ni kazi mbovu, mwulize kama amesoma utafiti wa mwaka 2007, ilipoonyeshwa kwamba seli za Müller ndani ya retina zinaupitisha mwanga kama mirija mpaka kwenye seli za kuona.

Mimi nilisoma mpaka nikakubali. Jicho limetokana na mageuko, na Jumapili niko kanisani vilevile. Wa kunirukia kwa hilo wapange foleni, ianzie Buzuruga iishie Igoma.

Na kilichonimaliza kabisa ni furu, samaki wadogo wa hapa hapa Ziwa Victoria. Kuna furu wawili ndugu, *Pundamilia pundamilia* na *Pundamilia nyererei*. Ndiyo, amepewa jina la Mwalimu. Waweke madume wao kiganjani: mmoja ana rangi ya bluu, mwingine mgongo mwekundu, mistari myeusi ubavuni wote wanayo. Kwenye maji maangavu kama ya kisiwa cha Makobe, wa bluu anakaa juu, mwekundu anakaa chini zaidi. Kadiri unavyoshuka kwenye maji yetu haya, mwanga wa bluu unapotea, unabaki mwekundu. Mwaka 2008 kundi la mtafiti Ole Seehausen lilionyesha kwamba jeni ya protini inayopokea mwanga mwekundu inatofautiana kati ya furu hao wawili, na macho ya yule wa chini yanaupokea wekundu vizuri zaidi. Majike nao wanachagua dume wa rangi ya aina yao. Ukienda kwenye maji machafu zaidi kusini mwa Ghuba ya Mwanza, tofauti hiyo inafutika na wanachanganyikana. Hii haikuelezi jicho lilianzaje. Inakuonyesha jicho linavyobadilika kufuata mwanga uliopo, kwenye maji ambayo sisi tunatega nyavu.

Kama ni lazima ukae upande wa ubunifu, anza na mwanatheolojia Mwingereza William Paley, 1802. Yeye alililinganisha jicho na darubini, akasema darubini ina aliyeitengeneza, na jicho vilevile. Alimaanisha hivyo tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimnukuu yeye, hakuna binti atakayesimama akusomee sentensi inayofuata ikuumbue.

Kitabu cha Darwin kinapatikana bure mtandaoni. Fungua sura ya 6 leo, soma sehemu ya jicho yote, halafu andika utangulizi upya uuweke hapa. Nitausoma usiku huu huu.