Acheni Kuniuliza "Ni Fonti Gani?"

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, ile nembo mpya umetumia fonti gani? Nimeitafuta mpaka nimechoka." Nikamjibu kwamba hataipata, naye akadhani namnyima. Sikumnyima. Ile R ambayo mguu wake unapita chini ya A na kuibuka upande wa pili haimo kwenye fonti yoyote. Fonti, yaani seti ya herufi zilizokwisha kuchorwa, ilinipa mifupa tu. Mguu nimeuchora mwenyewe, na naona fahari kusema hivyo.

Nina sababu. Kuna mteja aliwahi kuitazama kazi yangu akasema, "Hili si jina limechapwa tu? Hata mimi ningelichapa." Akakata malipo. Nafasi kati ya herufi, uzito, ulinganifu, vyote nilivyovihangaikia hakuviona. Bado inaniuma, sitaficha. Tangu hapo jina la mteja haliondoki mezani kwangu kabla sijagusa walau herufi moja. Nataka atakayejaribu kulichapa ashindwe.

Kugeuza maandishi kuwa njia za vekta, yaani mistari unayoweza kuivuta upendavyo, ndiyo sehemu rahisi. Kwenye programu ya kuchorea ya Illustrator ni Ctrl+Shift+O. Kwenye Photoshop unabonyeza kulia kwenye leya (tabaka) ya maandishi na kuchagua kuigeuza kuwa umbo. Inkscape ni Ctrl+Shift+C. Kwenye GIMP njia inatokea kwenye kichupo cha njia, lakini yenyewe haina rangi, kwa hiyo baada ya kuihariri unaijaza kwenye leya mpya. Ila kabla ya yote nakili leya ya maandishi uifiche, kwa sababu ukishageuza, programu haijui tena kwamba ile ni R. Inaona mistari na nukta tu, na mteja akikumbuka kwamba jina lake lina H mbili, kibodi haitakusaidia.

Kazi yenyewe iko kwenye nukta, zile zinazoshika mstari wa herufi. Wanaoanza huzimwaga. Mkunjo haujakaa sawa, wanaongeza nukta. Bado, wanaongeza nyingine. Mwisho herufi ina mabonde kama barabara iliyonyeshewa. Dawa ni kupunguza. Kila duara la O, la nje na la ndani, linatosheka na nukta 4: juu, chini, kushoto, kulia. Vishikio vyake, ile mikono inayotoka kwenye nukta na kuongoza mkunjo, vilale sawasawa au visimame wima (ukishika Shift havitapinda), na kwa duara kamili kila kishikio kiwe na urefu wa kama asilimia 55 ya nusu kipenyo. Mkunjo ukigoma, vuta kishikio kwanza. Nukta mpya iwe suluhisho la mwisho.

Mikunjo hii inaitwa ya Bézier, kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitumia kusanifu mabodi ya magari miaka ya 1960. Lakini Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameshaifikia hesabu yake mwaka 1959, na kampuni yake ikaifanya siri. Mwenzake akachapisha, jina likaenda kwa mwenzake. Huwa namfikiria sana de Casteljau ninapotuma ankara.

Turudi kwenye mguu wa R. Usivute nukta moja ya ncha, utapata mwiba. Chagua nukta za kingo zote mbili, uzisogeze pamoja ili unene usipotee. Unapotaka kona kali, vunja vishikio, yaani vitenganishe kila kimoja kiende upande wake. Kwa zana ya kalamu ya Photoshop au Illustrator unashika Alt. Mguu ukishapanda juu ya herufi ya jirani, unganisha maumbo yawe kitu kimoja, la sivyo sehemu zilipopandana zinaweza kutoboka na kuonyesha kilicho nyuma. Kisha pindua kazi juu chini uitazame. Jicho likiacha kusoma neno, linaanza kuona umbo, na hapo kasoro zote hujitaja.

Vijana wenzangu, acheni kukusanya fonti. Nawajua watu wenye mafolda na mafolda, na kazi zao zote zinafanana, maana fonti ile ile iko kwenye folda la jirani. Jifunze kupunguza nukta. Rudia mpaka mkono uzoee, halafu rudia tena. Asiyetaka kukaa na mkunjo mmoja jioni nzima asilalamike wateja wakimwona mchapaji.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita: soma leseni. Fonti zilizotolewa kwa leseni ya SIL Open Font License zinaruhusu kubadilishwa, ndiyo maana naanzia huko mara nyingi. Nyingine za kulipia zinakataza kugusa maumbo yake hata kama umezinunua, na kwa kosa hilo mteja wako anaweza kudaiwa, kisha atakutafuta wewe.

Kwa anayeanza leo, chukua herufi yenye kitu cha kuvuta: R, K, Q, y, g. Zina mguu au mkia, na ukiubadilisha bado neno linasomeka. S iache kwanza. Mgongo wake ukihama kidogo tu herufi nzima inalewa, nami mwenyewe bado inanitoa jasho.