Minara ya angani: maswali yenu wiki hii

*Fundi, mwaka 2020 jirani zetu Wakenya walikuwa na maputo ya intaneti. Yalikwenda wapi?* (Busia)

Biashara ilifungwa. Hayo ndiyo "minara ya angani": maputo au ndege zisizo na rubani zinazobeba mitambo ya mtandao wa simu juu sana angani. Loon, kampuni dada ya Google, iliyaleta Julai 2020 ikishirikiana na Telkom Kenya: maputo 35 hivi, kilomita 20 juu, yakihudumia magharibi na katikati ya Kenya. Januari 2021 wakatangaza kuacha. Mitambo ilikuwa inafanya kazi, simu zilishika 4G. Kilichogoma ni hesabu za pesa. Na sisi tulikuwemo: Desemba 2019 Uganda iliyaruhusu yapite kwenye anga letu. Kupita tu, jamani.

*Upepo ukilichukua puto je?* (Arua)

Upepo ndio usafiri wake, maana halina injini. Kompyuta hulipandisha au kulishusha mpaka likute tabaka lenye upepo unaokwenda linakotaka. Siku hizi wengi wamehamia ndege za sola zisizo na rubani. Moja yao, iitwayo Zephyr, ina mabawa ya mita 25 na uzito wa kilo 75 tu, sawa na dereva wa bodaboda bila abiria. Mwaka 2025 iliruka kutoka Kenya ikakaa angani siku 67. Usiku hutumia betri, na hapa ikweta tumebahatika: usiku ni saa 12 mwaka mzima. Ulaya, wakati wa baridi, giza refu huimaliza betri kabla hakujacha.

*Huku Bundibugyo Rwenzori inatuzibia mtandao. Chombo hiki cha angani kitatufaa?*

Swali zuri kuliko yote. Mnara ukiwa Fort Portal, mlima umesimama kati yake na simu yako. Chombo kilicho kilomita 20 juu, kikiwa kilomita 50 kutoka ulipo, kinaonekana nyuzi 22 hivi kutoka usawa wa ardhi. Kikisogea hadi kilomita 100, zinabaki nyuzi 11, na wewe uliye chini kabisa ya mlima unaweza kukikosa tena. Kwa hiyo akija mtu kuwauzia habari hizi, muulizeni kwanza chombo chenyewe kitakaa juu ya wapi. Pia msitegemee makubwa mkiwa ndani ya nyumba ya bati.

*Nitahitaji dishi?* (Kalangala)

Hapana, mama. Dishi ni la setilaiti kama za Starlink, zilizo kilomita 550 hivi juu. Hapa simu yako ya 4G inatosha. Bando utanunua kama kawaida.

*Vyombo hivi havitagongana na ndege za Entebbe?*

Ndege za abiria huishia kilomita 12 hivi. Hatari ni wakati chombo kinapopanda na kushuka, ndiyo maana lazima mamlaka ya usafiri wa anga itoe kibali.

*Basi minara ya simu inayotumia dizeli itang'olewa?* (Kampala)

Wapi! Chombo kimoja hugawa kasi yake kwa eneo zima. Watu wa Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, peke yao wangeimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Tena chenyewe hakitengenezi intaneti. Huipokea kutoka kituo cha ardhini, nacho kinataka nyaya na umeme kama mnara wowote.