Fundi Anauliza: Joto la Stoo na Joto la Kazini

Barua za toleo hili kutoka Arusha na Moshi zimegusa jambo moja: namba za joto zilizoandikwa kwenye datashiti, yaani karatasi ya maelezo ya kifaa kutoka kiwandani. Tumechagua nne.

SWALI: Nimefunga taimeri ya NE555 kwenye tanuri la mikate. Inatakiwa kuzima baada ya dakika 20. Kisanduku nimekifunga ubavuni mwa tanuri, na ndani yake hewa inafika nyuzi 80. Datashiti inasema chipu inahimili hadi 150, lakini tanuri likipata moto dakika 20 zinakuwa 25, na siku nyingine haizimi kabisa. Je, nimeuziwa chipu feki?
Fundi, Kijenge, Arusha

JIBU: Chipu inaweza kuwa halali kabisa, fundi. Hiyo 150 ni ya kuhifadhia: nyuzi -65 hadi 150. Maana yake, chipu ikikaa huko bila umeme haitaharibika, na ikirudi kwenye joto la kawaida itafanya kazi. Hakuna aliyekuahidi kwamba itahesabu dakika ikiwa kwenye nyuzi 150. Joto la kufanyia kazi, yaani hewa inayoizunguka ikiwa na umeme, kwa NE555 ni 0 hadi 70 tu, na wewe umeshalipita. Ndugu zake wana miguu ileile: SA555 ni -40 hadi 85, NA555 ni -40 hadi 105, SE555 ni -55 hadi 125. Unachomoa hii unachomeka ile.

Hata hivyo, kwa dalili ulizotaja tunaishuku zaidi kapasita, kile kifaa kinachojaa chaji polepole kupimia muda. Kwa dakika 20 bila shaka umeweka mikrofaradi 1,000 na risista ya megaomu 1 hivi. Kwa volti 12, taimeri inazima tanuri pale kapasita inapojaa hadi volti 8. Ikikaribia hapo, risista imebakiwa na volti 4, kwa hiyo inapitisha mikroampea 4 tu. Kapasita ya elektrolitiki huvuja, na ikipata joto huvuja zaidi. Ikivuja mikroampea 2, muda unarefuka. Ikifika 4, haijai kamwe na tanuri halizimi. Kwa tanuri hilo ni hatari ya moto, kwa hiyo usilisubiri.

Tumia chipu ya taimeri ya CD4060, ambayo hufanya kazi kati ya -55 na 125. Ina kihesabio ndani, hivyo kapasita ndogo ya plastiki ya mikrofaradi 0.1 na risista ya kilo-omu 680 hivi zinatosha kukupa dakika 20 kwenye mguu wa Q14. Rekebisha risista ukiwa na saa mkononi. Kisha hamisha kisanduku mita moja mbali na tanuri. Waya ni rahisi kuliko chipu ya SE555.

SWALI: Regyuleta (kishusha volti) ya 7805 niliyofunga kwenye bajaji kulishia redio ya volti 5 inaunguza kidole. Asubuhi muziki unapiga vizuri, saa saba mchana unakatika, ukisubiri kidogo unarudi. Redio inakula miliampea 200. Datashiti imeandika 0 hadi 125. Moshi kuna jua, lakini si la nyuzi 125!
Fundi wa bajaji, Majengo, Moshi

JIBU: Hiyo 125 si ya hewa ya Moshi. Ni joto la kiini cha silikoni kilichofichwa ndani ya ile plastiki nyeusi. Kwenye 555 wameandika joto la hewa, kwenye 7805 wameandika joto la kiini, na pote pameitwa joto la kufanyia kazi. Kabla ya kuamini namba, angalia alama iliyo kando yake: TA ni hewa, TC ni ganda, TJ ni kiini.

Sasa piga hesabu. Injini ikiwaka betri ina volti 14 hivi. Toa 5 zinazokwenda kwenye redio, zinabaki 9. Zidisha kwa ampea 0.2, unapata wati 1.8, na zote ni joto tupu. Regyuleta ya umbo la TO-220 isiyo na hitisinki (chuma cha kupoozea) hupanda karibu nyuzi 65 kwa kila wati, yaani 117 juu ya hewa. Mchana, chini ya kiti, hewa ikiwa 45, kiini kinatakiwa kufika 162. Kabla hakijafika mbali kinga ya ndani inakata umeme, kikipoa inawasha tena. Ndiyo maana muziki unakwenda na kurudi. Na asubuhi usijidanganye: hewa ya nyuzi 20 inakupa 137. Mpaka umeshauvuka, ni kinga tu haijaamka.

Weka hitisinki ndogo ya nyuzi 20 kwa wati. Kutoka kwenye kiini hadi kwenye kibati cha regyuleta kuna nyuzi 5 kwa wati, na pasta ya joto tuipe 1. Jumla 26, mara 1.8 ni 47, ongeza hewa 45: kiini 92. Hapo itadumu. Kibati cha 7805 kimeungana na hasi, kwa hiyo bodi ya bajaji ikiwa hasi unaweza kukifunga kwa boliti moja kwa moja kwenye chuma kilicho bapa. Kwangua rangi kwanza, na pasta iwe nyembamba kama karatasi. Ikiwa nene inazuia joto badala ya kulipitisha. Ukitaka kumaliza kabisa, tumia konvata ya kushusha volti yenye ufanisi wa asilimia 85: inapoteza chini ya wati 0.2.

Ukipima, bana waya wa joto wa multimita kwenye kibati, kisha ongeza nyuzi 9 (wati 1.8 mara 5) kupata kiini. Kipimajoto cha miale hudanganywa na chuma kinachong'aa. Bandika kipande cha tepu nyeusi kwanza.

SWALI: Naongoza wageni Kilimanjaro. Simu zinazima kambi ya Kibo zikiwa na chaji asilimia 30, na diski ya picha ya mgeni mmoja ilikufa kambi ya Horombo. Ni baridi tu?
Mwongozaji, Marangu

JIBU: Simu, ndiyo. Seli ya lithiamu kwa kawaida hutoa umeme kati ya -20 na 60, lakini kwenye baridi ukinzani wa ndani hupanda, volti inaporomoka simu ikivuta nguvu, nayo inazima. Ikipata joto la mwili chaji inaonekana tena. Kuichaji ni jambo jingine: mwisho ni nyuzi 0. Ukichaji chini ya hapo, lithiamu inaganda kama chuma juu ya elektrodi na seli haiponi tena. Lala na pawabenki ndani ya begi la kulalia, uchaji ikiwa na vuguvugu.

Diski ni suala la hewa. Diski ya kuzunguka ya kawaida huelea kichwa chake juu ya hewa, na nyingi zimewekewa kikomo cha mita 3,000 hivi. Horombo ni 3,720. Wageni waiache Moshi, wapande na SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka.

SWALI: Chipu za SMD (za kubandikwa juu ya bodi) kwenye roli tulizofungua mwezi uliopita zinapasuka tukizichoma kwa lehemu. Stoo ina bati lakini haifiki hata nyuzi 40, na zimeandikwa kuhifadhiwa hadi 150.
Karakana, Njiro, Arusha

JIBU: Hiyo 150 haisemi lolote kuhusu unyevu. Soma kiwango cha MSL, yaani jinsi chipu inavyoathiriwa na unyevu, kwenye mfuko. MSL 3 inaruhusu saa 168 tu baada ya kufungua, kwenye nyuzi zisizozidi 30 na unyevu usiozidi asilimia 60. Baada ya hapo plastiki imenyonya maji, nayo yanageuka mvuke ukichoma na kuipasua. Chipu yenye unene usiozidi milimita 1.4 ikaushwe saa 9 kwa nyuzi 125, lakini ikiwa nje ya roli, kwenye trei inayohimili joto. Roli ya plastiki haiwezi. Zikibaki ndani ya roli, zikausheni kwa nyuzi 40 kwenye hewa kavu kabisa, unyevu usiozidi asilimia 5, kwa siku 13. Zilizobaki zifungeni kwenye mfuko usiopitisha hewa, pamoja na silika jeli mpya na kadi ya kuonyesha unyevu.